Dola 4,352 nimelipa kwenda kunusa mwani uliooza Karibi, na hoteli walijua tangu mwanzo!!

Assalaam aleikum wadau, wakubwa shikamooni. Uzi huu mrefu, asotaka kusoma apite zake, mie nina hasira ya wiki mbili na mume wangu kashachoka kunisikiliza, kasema kaandike huko kwa wenzio labda utalala.

Mie mtoto wa Jambiani. Mama yangu kalima mwani tangu sijaanza skuli, nimekua napandisha magunia ya mwani mbichi kutoka majini, maji ya chumvi yananichuruzika shingoni, tukiuanika uani kuku wanaukanyaga. Sasa nambieni, mtu kama mie afanye shifti mbili mbili nyumba ya wazee hapa Columbus, Ohio, ageuze wazee vitandani mwaka mzima, ovataimu yote aiweke, halafu hela hiyo akailipe ili alale mbele ya mwani UNAONUKA, si nimerogwa huko?

Basi sikilizeni. Mwezi wa saba ndoa yetu imetimiza miaka 10 na hatujawahi kutoka wawili tu tangu mtoto wa kwanza. Kwenda Unguja watu watano ni hela ya kiwanja, tukasema watoto wakae kwa wifi yangu sie twende Karibi siku tano turudi. Tukachagua Jamhuri ya Dominika, sio Dominika kile kisiwa kidogo, hii ni ile inayopakana na Haiti. Nikaiona kwenye simu hoteli moja ndogo, vibanda vinane tu vya makuti, iko peke yake kaskazini ya Punta Cana, mji wao wa watalii, huko juu kuelekea mji mdogo wa Miches, imeandikwa "pwani yako binafsi, hutosikia ila mawimbi". Picha sasa! Mchanga mweupe kama unga wa sembe, maji ya feruzi, na mnazi mmoja umeinama mpaka makuti yanagusa maji. Mnazi ule ndo ulonimaliza. Ukumbukeni huo mnazi nitaurudia.

Nikalipa dola 3,400 kwa kadi mwezi wa nne, kulala na chai ya asubuhi na chakula cha usiku, na juu yake dola 260 safari ya boti kutazama nyangumi ghuba ya Samaná watu wawili. Jina la hoteli sitaji msiniulize, kesi iko benki.

Tumeshuka Punta Cana saa nane mchana, gari ya hoteli imekuja saa kumi na moja, njiani saa moja na nusu na kipande cha mwisho ni vumbi na mashimo matupu. Tunafika mapokezi binti kacheka vizuuri, mkono mmoja kanipa dafu mkono mwengine bili. Dola 952! Ya nini? Kodi asilimia 18 na huduma asilimia 10, ndo sheria ya nchi señora. Kodi zenyewe kweli zipo, nimehakikisha, sibishi, lakini websaiti yao imeandika bei kamili, sasa ukamilifu gani huo unaokuja na mtoto mgongoni?

Kalamu ninayo mkononi nasaini nikasikia harufu. Mume wangu ananitazama, mie namtazama, kila mmoja anadhani ni mwenziwe 😂 (nacheka sasa, siku ile sikucheka). Yai viza. Lile yai kuku kalilalia mpaka kalikimbia, ukalipasua kwa bahati mbaya.

Tukatoka kwenda pwani. Wadau, hakuna pwani. Kuna rundo la mwani limenifika magotini, refu kuanzia jiwe hili mpaka jiwe lile, na maji yenyewe rangi ya chai ya rangi mpaka mbali huko. Na si mwani wetu, wetu unafungwa kwenye kamba na una mwenyewe, huu unaelea baharini wenyewe haushiki chini kabisa, wao wanauita sargazo. Ukiwa mbichi una rangi ya asali, una vipovu vidogo kama shanga ukikanyaga vinapasuka pa pa pa, mpaka hapo mzuri hata kutazama. Ukishalala mchanga siku mbili tatu unakuwa mweusi, unaoza, unatoa gesi yenye ile harufu ya yai viza. Chini ya rundo kuna viwavi vyeupe wanachezacheza. Mume wangu kavua kofia akaishika kifuani kama yuko makaburini.

Sasa hasira yangu ipo HAPA na naomba mnielewe kwa sababu kuna watu watakuja kunambia dada huo ni uumbaji wa Mungu. Najua! Sijamlaumu Mungu wala bahari. Ninachosema ni kwamba WALIJUA. Mwani huu haukuanza juzi, toka 2011 unakuja Karibi, 2018 ulijaa mpaka Barbados wakatangaza hali ya dharura, na wapo watu wa chuo kikuu cha South Florida wanautazama kwa satelaiti na kila mwezi wanatoa taarifa bure mtandaoni. Mwezi wa tano 2025 wamepima zaidi ya tani milioni 37, haijawahi kutokea, na mwaka huohuo mwezi wa saba ndo mie nimekwenda kichwa kichwa. Mie msafisha wazee sikuwa najua. Mtu mwenye hoteli pwani ile hajui? Kijana wa jikoni kanambia kwa kingereza chake cha kuungaunga, tangu mwezi wa tatu uko hivihivi. Mwezi wa nne mie nawaandikia, nawauliza kwa herufi kabisa "is the beach clean?" wananijibu kwa kialama cha moyo na mnazi. Meseji ninayo.

Na ule mnazi sasa. Siku ya pili asubuhi nikautafuta nipige picha angalau picha moja basi. Nimezunguka. Nikakuta kisiki. Nimemuuliza yule kijana, kasema ulianguka na upepo, miaka miwili sasa. Yaani nimeuziwa maiti.

Saa kumi na moja na nusu alfajiri trekta linaanza. Hizo ndo "hutosikia ila mawimbi". Linasukuma mwani linautupa nyuma ya kibanda namba nane, na namba nane alikuwa nani? Vijana wanaozoa kwa reki na toroli hawana hata barakoa, siku nzima wamo ndani ya harufu ile, wale sina ugomvi nao hata kidogo na bakshishi nimewapa. Hoteli kubwa za Punta Cana zimeweka vizuizi vya maboya baharini mwani usifike, hawa wetu boya hata moja.

Kinachoniuma kuliko pesa ni bangili. Nina bangili mbili za fedha kaniachia bibi yangu mzaa mama, sizivui hata kuoga. Asubuhi ya tatu naamka natazama mkono, nyeusi! Nyeusi kama masufuria ya kuni. Wallahi nilipiga kelele mume wangu akadhani nimeumwa na nyoka. Nikasoma suratul falaq palepale 😅. Kumbe ni gesi ya mwani, inageuza fedha, inakula na shaba. Nimejuaje? Kwa sababu usiku uleule kiyoyozi kikafa, fundi kaja kafungua kanionesha mabomba ya shaba yameliwa meusi, kasema hii ya tatu mwezi huu. ya TATU. Kwa hiyo chaguo ni mbili, ufunge dirisha ufe na joto au ufungue unuse yai, na ukifungua wanaingia usubi, vile vidudu vya jioni wakati wa magharibi, huvioni ila unajikuna mpaka damu. Chandarua chao matundu makubwa, usubi wanapita na mabegi.

Meneja kaja siku ya tatu jioni shati jeupe limepigwa pasi. Kasema pole, ni maumbile. Kisha ananipa vocha ya masaji na punguzo asilimia 20 NIKIRUDI TENA. Mume wangu ambaye hana maneno, mtu wa Pemba mpole, siku ile kasema kingereza chote alichonacho. Tukaomba basi turudishiwe siku mbili tuhamie kwengine. Hairudishwi. Tukaomba gari. Teksi mpaka Bávaro, kwenye mahoteli karibu na Punta Cana, dola 90 kwenda tu.

Na hapa ndo nimejifunza neno "kujitenga" maana yake nini. Umejitenga, huna duka, huna mtandao (waifai ipo mapokezi peke yake), huna usafiri, maji ya bomba hayanyweki na chupa moja ya maji ni dola 6. Utafanya nini, utaogelea urudi Ohio? Chakula ndo usiseme, nimewaandikia kabla hatuli nguruwe, siku ya kwanza maharage yana vipande vyake humo, tukakaa na wali mkavu na embe. Ramu ya bure bila kikomo sisi hatunywi, nikauliza basi nipunguzieni, kanicheka.

Tulopumua ni siku ya nne. Mume wangu katoka getini kwa miguu kaja na kijana wa bodaboda, wao wanaita motoconcho lakini ni bodaboda yetu tupu, mishikaki na yote. Askari getini ananambia si salama señora. Tukapanda. Dakika kumi tu! Dakika kumi kuna kijiji, kuna duka wanaita colmado, linauza kila kitu kuanzia kiberiti mpaka mchele wa kupima, muziki juu, wazee wanacheza dhumna nje wanapiga meza utasema Forodhani. Chupa ileile ya maji peso 30, na dola moja ilikuwa kama peso 60. Mama mmoja kando ya duka anauza samaki wa kukaanga na ndizi mbichi za kubonda, katuambia kwa ishara yeye alikuwa akiuza pale pwani mbele ya hoteli, wanamfukuza. Nilivyorudi nikatafuta. Nchi ile pwani zote ni za umma, sheria namba 305 ya 1968, mita 60 kutoka maji yanapojaa hakuna mwenyewe. Kwa hiyo hiyo "pwani yako binafsi" waloniuzia si yao hata kisheria. Na ubinafsi wenyewe wa kunuka!

Nyangumi nao. Asubuhi ya mwisho nimevaa nimejipaka losheni naulizia boti. Binti wa mapokezi kabaki kunitazama. Nyangumi wa Samaná wanakuja katikati ya Januari mpaka mwisho wa Machi basi, wanazaa wanaondoka zao. Hela yangu kwa safari ya JULAI mlipokea mwezi wa nne mkanipa na risiti! Na mnajua kinachochekesha? Julai ndo nyangumi wanapita kwetu. Ningekaa kwa mama ningewaona kutoka Kizimkazi kwa ngalawa ya mjomba.

Nimemtumia mama voisi nalia kidogo. Kanijibu: "Mwanangu, na huko mwani kilo wananunua kwa bei gani?"

EDIT 1: Kaka ulouliza bima, ndiyo nilikata, kwa sababu msimu wa vimbunga ni tarehe 1 Juni mpaka 30 Novemba hilo nilikuwa nalijua. Wamenijibu mwani si kimbunga na hoteli haikufungwa kwa hiyo hawalipi.

EDIT 2: Kuna dada kauliza basi aende wapi maana ana safari mwezi wa nane. Dada mie si mtaalamu tena sitaki lawama, lakini tazama ramani kabla ya picha. Upande ule wa kaskazini ya Punta Cana ni ATLANTIKI, si bahari ya Karibi, nimelipia Karibi nimeletewa Atlantiki, mawimbi yake makali bendera nyekundu siku tatu kati ya tano. Bahari ya Karibi yenyewe iko kusini, Bayahibe huko, na dereva aloturudisha uwanja wa ndege kasema kule mwani unapungua sana. Na waombe picha ya LEO, wapige na gazeti la siku hiyo ikibidi.

EDIT 3: Ile ya benki, nimefungua dai kwenye kadi, muda wa kudai una kikomo msichelewe. Nimewapa meseji, risiti ya nyangumi, picha ya kisiki kando ya picha ya mnazi. Hoteli wamejibu jana, wameipelekea benki picha kuthibitisha pwani yao ni safi. Nimeifungua. Mnazi umo.

Bangili nimezisugua kwa ndimu na magadi, moja imerudi, nyengine kwenye nakshi weusi haujatoka. Benki wamesema siku 30. Nitaleta mrejesho.