Tupeane uzoefu: rubani mwenye leseni mpya na saa 200, aliyetoka Nyanda za Juu Kusini kwenda nje kutafuta kazi

Mwanzilishi wa mada, Uyole, Mbeya

Ndugu zangu, nawasalimu. Ni miezi minne sasa tangu nirudi nyumbani Uyole nikiwa na leseni ya urubani wa biashara niliyoipata Afrika Kusini, idhini ya kuruka kwa kutegemea vyombo, idhini ya ndege ya injini mbili, na saa 214 za kuruka kwenye logibuku, yaani daftari la rubani la kuandikia saa zake. Wazazi wangu waliuza ekari mbili za shamba la viazi na nyumba moja ya kupangisha ili nifike hapo, kwa hiyo kila asubuhi ninapomwona baba akielekea kwenye kipande cha shamba kilichobaki, suala la ajira hunikaa kooni. Nimepeleka barua kwa kampuni za ndege ndogo za Dar es Salaam na Arusha, na wachache walionijibu wameniambia nirudi nikifikisha saa 500. Hizo saa 286 zinazopungua zinapatikana wapi, hakuna aliyenieleza.

Kila ninayemuuliza ananiambia niende nje, kana kwamba nje ni mtaa mmoja. Ninawaomba waliokwenda watusimulie safari zao wenyewe: walipita wapi, walisubiri muda gani kabla ya kukabidhiwa ndege, nani alizikagua leseni zao, na waliorudi walirudishwa na nini. Ushauri wa jumla ninao wa kutosha.

Mchangiaji wa Vwawa, sasa yuko Maun, Botswana

Kaka, sisi wa Vwawa tuna mpaka wa Tunduma mlangoni, na ndiyo maana sikupanda ndege kwenda kutafuta kazi ya kurusha ndege. Nilipanda basi. Nilivuka mpaka asubuhi, nikafika Lusaka kesho yake nikiwa nimevimba miguu, nikauvuka mto Zambezi kwa daraja la Kazungula, lile lililofunguliwa mwaka 2021 na kuwapumzisha watu na pantoni, kisha Kasane, Nata, na Maun siku ya tano.

Maun ni mji mdogo wenye kiwanja cha ndege chenye pilikapilika kuliko ukubwa wake, kwa sababu kambi nyingi za watalii zilizo ndani ya delta ya Okavango zimezungukwa na maji na gari haliwezi kuzifikia kwa urahisi. Watalii hushushwa Maun, halafu ndege ndogo aina ya Cessna 206, GA8 Airvan na Cessna Caravan huwagawa kambini kwa safari fupi fupi, nyingine za dakika 10 tu. Kazi ya namna hiyo haihitaji rubani wa saa 3,000, na kwa hiyo vijana wenye leseni mpya kutoka kusini mwa Afrika na hata Ulaya hujazana pale kila mwanzo wa mwaka, kwani kampuni hutafuta watu kabla ya msimu wa kiangazi ambao ndio wa watalii wengi. Ukifika mwezi wa Agosti utakuta vyombo vimeshaoshwa.

Nilifika wiki ya kwanza ya Februari na nikakaa wiki 13 bila kazi. Kila Jumatatu na Alhamisi nilipita ofisi zile zile, shati limepigwa pasi, wasifu mkononi. Barua pepe hazisaidii sana pale. Rubani mkuu anataka akuone, kisha akuone tena mwezi ujao akiwa amepata pengo, ajue kwamba bado upo mjini na hujaanza kunywa. Siku moja, mmoja wao alinisukumia karatasi mezani: Cessna 206, abiria watano na mizigo yao, joto nyuzi 36, njia ya kurukia ya mchanga yenye mita 800, matangi yamejaa. Akaniuliza ninashusha nini. Nilipiga hesabu nikitoka jasho, maana joto hupunguza uzito wa hewa, injini hupungukiwa nguvu na mabawa hubeba kidogo, na mchanga nao hushika magurudumu. Nikajibu kwamba ninamshusha abiria mmoja pamoja na mzigo wake. Aliniangalia, akauliza, "Na mafuta je?" Safari yenyewe ilikuwa ya dakika 25. Nilikuwa tayari kumwacha mtu porini kwa ajili ya mafuta ya saa nne ambayo nisingeyatumia. Sikupata kazi siku hiyo, lakini ndiye aliyeniita wiki ya 13, na swali lake la kwanza lilikuwa kama nimejifunza kushusha mafuta kabla ya kushusha watu.

Kuitwa hakukuwa mwisho. Leseni yangu ya Afrika Kusini haikuniruhusu kufanya kazi kwenye ndege zenye herufi A2, yaani zilizosajiliwa Botswana, kwa sababu Mkataba wa Chicago wa mwaka 1944 umeifungamanisha leseni ya rubani na nchi iliyosajili ndege. Mamlaka ya anga ya Botswana ikawaandikia wenzao wa Afrika Kusini kuuliza kama leseni ile ni ya kweli, nikafanya mtihani wa sheria za anga za nchi, kisha nikasubiri kibali cha kazi ambacho kampuni ndiyo iliyoniombea. Pasipoti yetu inaingia Botswana bila viza, lakini muhuri wa mgeni si ruhusa ya kazi, na siku za mgeni zinahesabika. Zangu zilikuwa zinakaribia kwisha nilipoitwa.

Sasa nina mwaka na miezi miwili. Ninapima mizigo mwenyewe, kilo 20 kwa kila abiria na begi liwe laini, ninaisukuma ndege, ninafuta vioo, na kabla ya kutua kambini ninapita chini juu ya njia ili kuwaondoa swala na mara nyingine tembo. Logibuku inasoma saa 790.

Mzazi, Tukuyu

Mwanangu wa Uyole, mimi si rubani ila nimemzaa mmoja. Sisi tulihesabu ada, mitihani, saa za kuruka, nauli na chakula cha chuoni. Mwaka wa kusubiri hatukuuhesabu, na mwaka huo ndio uliotumaliza. Cheti cha afya cha daraja la kwanza kinadumu miezi 12 kwa kijana wa umri wake, na idhini ile ya vyombo nayo inataka kupimwa upya kila mwaka ndani ya ndege ya kukodi kwa saa, kwa hiyo kijana aliyekaa nyumbani bila mshahara anaendelea kudaiwa na leseni yake. Nilidhani karatasi ya namna ile inakaa ghalani kama mahindi, kumbe ni parachichi. Wazee wenzangu mnaotaka kuuza miti, tafadhali msiimalize yote kwenye ada. Bakizeni ya mwaka mmoja.

Mchangiaji wa Makambako

Nitasimulia kwa ufupi kwa kuwa bado inaniuma. Nilipokuwa na saa 205 nilipigiwa simu na mtu aliyejiita wakala, akaniambia amenipatia kiti cha rubani msaidizi kwenye shirika kubwa la Ghuba, akanitumia barua yenye nembo na mihuri miwili, na akataka dola 2,500 za "kushughulikia faili". Baba yangu alilipa nusu. Tulipaswa kushtuka kwa mambo mawili yaliyokuwa wazi: barua pepe ya wakala ilikuwa ya bure, ile anayoweza kuifungua mtu yeyote, na mashirika ya ukubwa huo yanapoajiri kutoka nje hudai uzoefu wa saa nyingi na wa ndege kubwa, ambao mtu wa saa 205 hana. Shauku ilitufunga macho. Mtu yeyote akikuomba fedha ili akupe kazi ya kurusha ndege, mpe namba ya polisi.

Mchangiaji wa Iringa, sasa yuko Nairobi

Mimi nililenga Ulaya, na ninaandika ili mwingine asipotee njia ile ile. Niligundua nikiwa nimechelewa kwamba leseni ya kwetu, au ya Afrika Kusini, haibadilishwi huko kwa barua na ada tu. Ni lazima ukae mitihani 13 ya nadharia, kila mmoja kwa alama zisizopungua asilimia 75, yote ndani ya miezi 18 tangu ulipoanza, halafu ufanyiwe majaribio ya kuruka. Nilifaulu mitihani tisa nikijisomea katika chumba cha kaka yangu Kihesa, fedha zikakata. Hata ningemaliza, karibu matangazo yote ya kazi niliyoyasoma yalidai haki ya kuishi na kufanya kazi huko bila masharti, na mwenye pasipoti yetu haipati haki hiyo kwa kufaulu mitihani. Juu ya hapo kuna mafunzo ya aina mahususi ya ndege, mathalani Airbus A320, ambayo wasiodhaminiwa na shirika hujilipia maelfu ya euro.

Kilichonitoa ni ualimu. Nilichukua fedha iliyokuwa imebaki, nikasomea idhini ya kufundisha urubani, na nikaajiriwa na chuo kimoja katika uwanja wa Wilson. Wapo wanaoudharau ualimu wakisema ni kuzunguka kiwanja kutwa nzima. Ni kweli tunazunguka, lakini mwanafunzi ndiye anayelipia saa na mimi ninaziandika kama rubani kiongozi wa ndege. Wilson iko futi zaidi ya 5,500 juu ya usawa wa bahari, kwa hiyo aliyezoea baridi na mwinuko wa Iringa hajisikii mgeni, na Cessna 172 yenye watu wawili wakubwa saa nane mchana hupanda kama bibi anayepanda mlima na kuni kichwani. Kuhusu kibali, sisi ni wananchi wa Jumuiya ya Afrika Mashariki, na itifaki ya soko la pamoja iliyoanza kutumika mwaka 2010 inazungumzia uhuru wa kwenda kufanya kazi, lakini kibali bado kinaombwa na leseni bado inakaguliwa upya. Usivuke Namanga ukidhani itifaki itakujazia fomu.

Mchangiaji wa Iringa, aliyerudi

Wote wanasimulia kwenda, nami nisimulie kurudi. Nilifanya kazi nchi mbili kwa miaka mitatu, na sasa ninarusha Caravan kupeleka watalii kwenye viwanja vya ndani ya Hifadhi ya Ruaha, ukiwamo Msembe, karibu kabisa na nilikozaliwa. Nilipoomba leseni ya Tanzania, Mamlaka ya Usafiri wa Anga ilitaka uthibitisho wa leseni yangu kutoka kwa walioitoa, jambo lililochukua wiki sita kwa sababu barua hiyo lazima itoke mamlaka kwenda mamlaka, wala haiwezi kubebwa mfukoni. Hilo nililitegemea. Sikutegemea kuulizwa kuhusu saa 310 nilizozipata kwa kampuni ndogo ambayo ilikuwa imefunga milango. Kurasa hizo za logibuku hazikuwa na sahihi wala muhuri wa rubani mkuu, kwani nilikuwa nikisema nitazipeleka zote mwisho wa mkataba, na mwisho wa mkataba nilikuta ofisi ina kufuli. Nilimtafuta yule rubani mkuu kwa miezi miwili, nikampata akiwa nchi nyingine, akaniandikia barua. Bila yeye ningerudi nyumbani nikiwa na mikono inayojua kazi na karatasi isiyojua.

Tangu hapo kila ukurasa unaojaa ninausainisha siku hiyo hiyo na kuupiga picha. Picha moja hukaa kwenye simu yangu na nyingine huwa ninamtumia dada yangu aliye Mafinga, ambaye hajui hata kidogo anachotunza.

Mwanzilishi wa mada, Uyole

Nawashukuru. Mama wa Tukuyu, shikamoo, na maneno yako nimemsomea baba kama yalivyo. Alicheka kwenye parachichi kisha akakaa kimya. Shamba lililobaki haliuzwi, hilo tumekubaliana. Nimejipima kwa fedha nilizonazo, zinatosha miezi mitano kama nitapika mwenyewe, na cheti changu cha afya kina miezi saba. Nimeamua kwenda Maun. Basi langu linaondoka Tunduma tarehe 28 Januari. Ile hesabu ya Cessna 206 nimeirudia mara tatu usiku wa jana: nikiacha mafuta ya safari na akiba yake tu, abiria wote watano wanapanda, ingawa begi moja linabaki. Kaka wa Vwawa, nibebe nini?

Mchangiaji wa Vwawa, Maun

Begi linabaki, na hata mimi lilinibakia. Njoo na nakala 20 za wasifu zilizochapishwa Mbeya, logibuku halisi wala si nakala yake, kofia, na viatu vya kufunga kwa kamba. Usije na sanduku la magurudumu. Ukibahatika kupata kiti cha kulia, kando ya rubani, siku ya kwanza ili uoneshwe viwanja, hakuna atakayekupakia na kitu kigumu.