Je, madodoso ya maadili ya ng'ambo yatumike kwa vijana wa Kigoma?

Mwalimu, Ujiji: Wanaotaka kupima maadili ya wanafunzi wetu wa sekondari kwa madodoso ya Marekani wasubiri kwanza. Chimbuko lake ni mwanasaikolojia wa Marekani, Lawrence Kohlberg, aliyewahoji wavulana 72 wa Chicago na vitongoji vyake kwa tasnifu yake ya mwaka 1958. Kisa chake maarufu: mke wa Heinz yu mahututi kwa saratani, muuza dawa anataka dola 2,000, Heinz amepata nusu tu. Aibe?

Kijana wa hapa, kabla hajafika kwenye wizi, atauliza: ndugu wako wapi? Wajomba, mashemeji, jumuiya, msikitini, mchango haukuitishwa? Hilo ni swali zito la maadili: nani anawajibika kwa uhai wa mgonjwa? Lakini msahihishaji ataona kijana amekwepa. Kohlberg alizipanga fikra za maadili kwa hatua, za chini hadi za juu; mwaka 1985 mtafiti John Snarey alipitia tafiti 45 kutoka nchi 27, akakuta hatua hizo za juu hazionekani kwa watu wa vijijini. Mimi nalaumu kipimo. Sikubali kwamba vijiji vizima vimekosa watu wenye fikra pevu.

Mzazi, Kasulu: Mwalimu, nakuheshimu, ila usiyatupe yote. Kohlberg alipima sababu anazotoa mtu, aibe asiibe. Tena lipo dodoso la John Gibbs na wenzake la mwaka 1992, halina Heinz kabisa: maswali 11 kuhusu kutimiza ahadi, kusema kweli, kusaidia wazazi, na kwa nini. Mwaka 2007 Gibbs na wenzake walichapisha mapitio ya tafiti 75 za nchi 23 zilizotumia dodoso hilo. Mwanangu anajua uzito wa ahadi sawa na mtoto wa Chicago. Na tusipopima, tutajuaje kama mafunzo ya malezi yanawasaidia?

Mwalimu, Ujiji: Hilo la Gibbs naliafiki zaidi, ndugu yangu, maana kijana anaandika sababu zake mwenyewe. Ila anayezipa alama ni nani? Vijana wachache wa Ujiji, Buhigwe na Uvinza wasome kila swali na kueleza wameelewa nini. Majibu yasahihishwe na watu wawili, kila mmoja kivyake, na mmojawapo awe amekulia huku. Wanapotofautiana, hapo ndipo tuchimbe. Baada ya wiki kadhaa vijana walewale wajibu tena, tuone kama alama zinatulia. Kabla ya hapo, alama hizo zisiingie kwenye faili la mwanafunzi yeyote.