Meneja, mtunzi na mwongozaji wa okestra kwa pamoja: kipi kitangulie?

Muulizaji
Wakuu, salaam. Naongoza okestra ya wapigaji 56, na sasa nimekabidhiwa na umeneja wake. Onyesho lijalo lina utunzi wangu mpya wa dakika 12, na tuna mazoezi mawili tu ya saa tatu. Nianze na lipi, na mambo huharibikia wapi?

Fagoti
Anza na nota za wapigaji, mkuu. Karatasi mbovu hula muda wa mazoezi kuliko ugumu wa muziki wenyewe.

Wapiga nyuzi hukaa wawili wawili kwa stendi. Ukiwa na fidla za kwanza 10, za pili 8, viola 6, sello 6 na besi 4, unahitaji nakala 5, 4, 3, 3 na 2. Wapulizaji kila mmoja na yake. Ila usidurufu mapema. Kwanza kiongozi wa fidla za kwanza atie alama za upinde (zinazoonyesha lini upinde uvutwe chini au usukumwe juu), viongozi wa nyuzi nyingine wazioanishe na zake, ndipo utoe nakala. Vinginevyo stendi zote 17 zitakuwa zinaandika kwa penseli huku wapulizaji wamekaa bure.

Mistari mitano ya nota iwe na kimo cha milimita 7.5 hadi 8. Chini ya 7, wawili hawasomi vizuri karatasi moja. Mwisho wa ukurasa wa kulia uangukie kwenye pumziko; lisipokuwepo, mmoja kwa kila stendi ataacha kupiga ili ageuze, na nusu ya sauti ya kundi hupotea papo hapo. Bora uache nusu ukurasa mtupu.

Kagua pia klarineti za B-flat na honi za F. Ala hizi husikika chini ya nota iliyoandikwa, hivyo nota zao huhamishwa juu. Programu ya kuandikia nota ikizitoa bila kuzihamisha, klarineti zitasikika toni nzima chini na honi daraja la tano chini, tangu mwanzo hadi mwisho. Ukisikia hivyo usimlaumu mpigaji. Rudi kwenye faili.

Timpani_4
Naunga mkono. Kwenye ratiba, saa tatu ukitoa mapumziko ya dakika 20 ni dakika 160. Panga kazi zenye wapigaji wengi mwanzoni, ili kinubi na tromboni wasiohitajika tena waondoke.

Na kwa kuwa utunzi ni wako, weka mtu mwenye sikio zuri katikati ya ukumbi akiwa na nota kamili, yaani zenye sehemu za ala zote. Mtunzi akiwa jukwaani husikia alichokiandika kichwani, hasikii ala za shaba (tarumbeta, tromboni na wenzake) zinavyofunika viola.

Muulizaji
Asanteni sana. Na muda wa kutunga je?

Fagoti
Uukate kwenye kalenda kabla ya kupanga msimu. Mtunzi na mwongozaji Mahler, alipokuwa mkurugenzi wa opera ya kifalme ya Vienna kuanzia 1897 hadi 1907, alitunga zaidi likizo za kiangazi. Bernstein, naye mtunzi na mwongozaji, aliacha kazi zake za okestra ya New York Philharmonic msimu wa 1964–65 apate nafasi ya kutunga.

Halafu dai mikataba mitatu: umeneja, uongozaji, na utunzi. Wa utunzi useme haki ya kazi inabaki kwa nani na nakala zinalipiwa na nani. Uamuzi wa kupiga kazi zako uachie kamati, nawe utoke nje wanapojadili. Wapigaji wakianza kuhisi unajipangia mwenyewe, hata mazoezini wataonyesha.