Pipa la plastiki la chakula au sufuria: kipi kinafaa kuchemshia maji ya kimea?

Mpika_Kimea
Habari wakuu. Nina pipa la plastiki la lita 30 lililotunziwa chakula, mdomo mpana, mfuniko wa kuzungusha. Natengeneza bia nyumbani, lita 20 kwa mkupuo, na sasa nataka chombo cha kuchemshia maji ya kimea, yaani yale maji matamu yanayotoka kwenye kimea kilicholowekwa, kabla ya kuyachachusha. Nimefikiria njia tatu: kutoboa pipa nifunge koili mbili za birika la umeme, kununua sufuria kubwa ya chuma kisichoshika kutu, au ya alumini. Pipa tayari ninalo, ndiyo maana roho inavutika huko. Mnashaurije?

FundiKoili
Mkuu, kabla ya kushika drili, ligeuze pipa uangalie kitako chake. Ukiona pembetatu yenye namba 5 au herufi PP, endelea. Ukiona namba 2 au HDPE, simama kwanza. PP huyeyuka kwenye nyuzi 160 hivi, na mabirika mengi ya plastiki hutengenezwa kwayo. HDPE huyeyuka karibu na nyuzi 130, lakini hulegea mapema sana kabla ya hapo. Maji yakifika 100 ubavu unatuna, na pale ulipotoboa ndipo panapoanza kuvuja kwa sababu plastiki imekwepa mpira unaoziba tundu la koili. Mapipa mengi ya chakula ni HDPE, kwa hiyo usikisie.

Zawadi_K
Naunga mkono. Niongeze kwamba "la chakula" maana yake ni salama kwa chakula, siyo kwamba linastahimili moto. Wengi wanachanganya hapo. Na kama pipa liliwahi kubeba kemikali yoyote, hata sabuni, lisahau kabisa. Plastiki hunywa harufu, na joto ndilo linaloitoa.

Mpika_Kimea
Nimeangalia. Ni namba 2.

BabaHopsi
Wapo wanaochemshia HDPE na linakaa. Masharti yake: liketi lote juu ya ubao ulionyooka, lisining'inie upande wowote, na lisisogezwe hata kidogo likiwa la moto. Binafsi siwezi kumshauri mtu mwenye watoto nyumbani. Lita 20 za maji yanayochemka zikimwagika sakafuni hakuna pa kukimbilia.

FundiKoili
Upande wa umeme nao usisahaulike. Koili mbili za kilowati 2.4 kwenye volti 240 zinavuta ampea 20, wakati soketi ya kawaida ni ya ampea 13. Kila koili ipate saketi yake, waya wa ardhi uungwe sawasawa, na kuwe na swichi ya kukata umeme unapovuja, ya miliampea 30. Usiwashe koili kabla haijazama yote. Mfuniko wa kuzungusha uweke mbali kabisa, mvuke hauchezewi.

Kwa kweli koili mbili unazihitaji wakati wa kupandisha joto tu. Lita 23 kutoka nyuzi 65 hadi 100 kwa koili moja ni kama nusu saa. Zikishachemka, moja inatosha, maana plastiki haipotezi joto haraka kama chuma.

Zawadi_K
Hiyo ndiyo sifa ya pipa ninayoikubali. Kasoro yake inaonekana mwishoni: sufuria unaitumbukiza kwenye beseni la maji baridi ikapoa, pipa linang'ang'ania joto. Ukitumia pipa, andaa koili ya shaba ya kupozea. Halafu koili za birika hushika ukoko. Sukari ya kimea inaungua juu yake, tabaka la kahawia linageuka jeusi, kisha kifaa cha usalama kinakata umeme katikati ya mchemsho. Ziloweke kwenye siki kila baada ya kazi.

Mpika_Kimea
Na alumini? Nasikia inatia ladha ya chuma.

BabaHopsi
Haitii, ilimradi usiisugue ikang'aa. Chemsha maji matupu kwanza hadi ndani ififie rangi. Utando ule ndio kinga. Usiioshe kwa sabuni kali za magadi. Inapitisha joto vizuri na ni nyepesi. Chuma kisichoshika kutu kinavumilia sabuni yoyote na kinadumu, ila ni kizito zaidi. Kwa gesi, mimi ningechukua alumini bila kusita.

Chagua yenye nafasi. Kwa saa moja bila mfuniko mvuke unaondoka na lita mbili hadi tatu, kwa hiyo utaanza na 23 hivi, na povu la mwanzo linapanda kwa ghafla. Lita 30 inatosha ukisimama hapo hapo, 35 ni raha zaidi.

Mpika_Kimea
Basi nachukua alumini ya 35. Pipa nilifanyie nini?

Zawadi_K
La kuchachushia! Kwa kazi hiyo HDPE haina shida yoyote. Mimina humo maji ya kimea yakishapoa, toboa mfuniko uweke kizuia hewa (kinachotoa gesi nje bila kuingiza hewa), na usilisugue ndani kwa kitu kikali, mikwaruzo ndiyo maficho ya bakteria.