Tupeane uzoefu: ulimsameheje mtu ambaye hajakuomba msamaha?

MamaWawili
Bwana Yesu asifiwe wapendwa. Naomba tusihubiriane, mahubiri ya Jumapili yananitosha. Nataka kusikia yaliyokukuta wewe na ulivyofanya.

Yangu ni haya. Mume wangu alipofariki, hata arobaini haijafika, shemeji yangu aliuza kiwanja chetu na kadi ya gari akaishika. Leo ni mzee wa kanisa katika usharika uleule ninaosali. Jumapili ya Meza ya Bwana yuko mbele na kikapu cha sadaka, mimi natoka nje kabla ya ushirika maana nikimwona tu moyo unachafuka. Nimeambiwa "saba mara sabini" mpaka masikio yamechoka. Mliopita njia hii, mlipitaje?

Mjukuu wa Missenyi
Pole sana dada. Mimi ni wa Kagera. Oktoba 1978 majeshi ya Idi Amin yalipovuka mpaka, babu alipoteza ng'ombe wote na mdogo wake wa tumbo moja, ambaye mpaka leo hatujui alipozikwa. Bibi alikuwa mwanauamsho, wale walokole wa uamsho wa Afrika Mashariki wanaoimba Tukutendereza.

Miaka ya baadaye mchungaji mmoja alikuja nyumbani na habari za Askofu Festo Kivengere wa Kigezi. Huyu alitoroka Uganda usiku, yeye na mkewe, wakapanda milima kwa miguu hadi Rwanda. Ilikuwa Februari 1977, siku chache baada ya Askofu Mkuu Janani Luwum kuuawa na serikali kutangaza eti ni ajali ya gari. Kivengere mwenyewe alisimulia jinsi uchungu ulivyomtafuna, mpaka Ijumaa Kuu ya mwaka huo akiwa kanisani London, akiyasikia maneno ya Yesu msalabani: "Baba, uwasamehe." Akaona na Amin yumo humo. Mwaka uleule akatoa kitabu ambacho jina lake tu lilitosha kugombanisha watu: Nampenda Idi Amin.

Babu aliposikia jina hilo alisimama akaenda zake shambani, mgeni akiwa bado na kikombe mkononi. Bibi hakubishana naye. Alianza tu kumtaja Amin katika sala ya jioni, kila siku, mbele yetu sote. Babu aliitikia "amina" kwa wagonjwa, wasafiri, mvua na serikali. Ikifika zamu ya Amin, kimya. Waliishi hivyo miaka na miaka, nyumba moja, sala moja.

Amin alifia Jeddah Agosti 2003, hospitalini, bila kusimama mbele ya hakimu yeyote. Redio ilipotangaza nilitegemea babu atashangilia. Aliuliza tu, "Alitubu?" Hakuna aliyekuwa na jibu. Sijui kama huko ndiko kusamehe. Lakini anayetaka mwenzake aungue milele hana haja ya kuuliza hivyo.

Dada J
Ngoja niseme kabla watu hawajaanza kutoa machozi. Mimi niliambiwa nisamehe jicho likiwa limevimba. Kikao cha wazee, mume akalia, tukawekewa mikono, tukarudishwa nyumbani. Mwezi haukuisha, kipigo kikarudi. Nilikuja kumsamehe baada ya kuondoka, nikiwa kwenye chumba cha kupanga chenye kitasa kizima. Kumwombea namwombea. Kurudi sirudi. Anayesema huko si kusamehe hajawahi kupigwa.

Katekista mstaafu
Tumsifu Yesu Kristo. Dada J, uko sawa kabisa. Papa Yohane Paulo II alipigwa risasi tarehe 13 Mei 1981, na siku nne baadaye, akiwa bado hospitalini, akatangaza kwamba amemsamehe Mehmet Ali Ağca. Desemba 1983 alimfuata gerezani Rebibbia wakaketi wawili wakazungumza. Pamoja na hayo, Ağca alibaki magereza ya Italia mpaka mwaka 2000, Rais wa nchi alipomwachia. Papa kusamehe hakukufuta hukumu.

Kwa hiyo MamaWawili, mirathi ya watoto idai mahakamani bila kuona aibu. Hata Luka 17:3 inaanza na kumwonya aliyekosa. Sisi tunaruka hapo mbio tufike kwenye "msamehe".

Bado Nina Hasira
Mwanangu aligongwa na dereva mlevi. Sijasamehe. Nipo nasoma tu.

Mjukuu wa Missenyi
Karibu mama, kaa. Hapa hakuna anayekuharakisha.

MamaWawili
Asanteni, nimelia na nimecheka (hiyo ya mvua na serikali!). Ila la Meza ya Bwana hamjanijibu. Niendelee kutoka nje?

Katekista mstaafu
Ninyi Walutheri mna utaratibu wenu, lakini fungua Mathayo 5:23-24. Anayeambiwa aiache sadaka madhabahuni akapatane kwanza ni yule ambaye ndugu yake ana neno juu yake. Hapo ni shemeji yako. Andiko linamtuma yeye atoke, wewe ndiye unayetoka. Mchungaji wako analijua jambo hili?

MamaWawili
Analijua nusu, ile nusu aliyosimuliwa na shemeji. Nitamwona Jumatano baada ya mazoezi ya kwaya. Nakala ya mauziano ya kiwanja ninayo, nitakwenda nayo.