Helikopta ya kunyunyizia dawa kupinduka inapotua: nguvu inatoka wapi?

Mjaza Tanki: Wakuu, nisaidieni kuelewa. Helikopta inashuka pembezoni mwa shamba kujaza dawa. Skidi ya kulia, yaani bomba la chini linalotumika kama mguu wa kutulia, inagusa chini na kunasa kwenye kisiki kilichofichwa na nyasi. Kabla ya ile ya kushoto kugusa, chombo kimelala ubavu. Kasi ilikuwa karibu sifuri, upepo mdogo. Ni nini kinachoipindua, na rubani afanye nini?

Fundi Rota: Ni rota yenyewe, mkuu, yale mapanga yanayozunguka juu. Angani, helikopta huinama ikizunguka kitovu chake cha uzito. Skidi ikinaswa, egemeo linahamia pale iliponasa, na msukumo wa rota, ambao bado unabeba karibu uzito wote, unaanza kuibingirisha. Helikopta ikiwa imezimwa, huweza kuinamishwa hata zaidi ya digrii 30 kabla ya kuanguka. Rota ikiwa inavuta, ukomo huo hushuka sana, na kadiri inavyobingirika kwa kasi ndivyo nafasi ya kuiokoa inavyopungua.

Kosa kubwa ni kuvuta kolektivu, wenzo wa kuongeza au kupunguza msukumo wa rota, ili kunyanyuka. Hapo rubani anaongeza nguvu ileile inayompindua. Sikliki, wenzo wa kuinamisha rota upande wowote, peke yake nayo haitoshi, maana ikifika mwisho wake hakuna kilichobaki. Shusha kolektivu mara moja, lakini kwa ulaini. Ukiibwaga, upande ulioinuka unaanguka kwa kishindo na chombo kinaweza kubingirikia upande wa pili, au panga likajipinda na kukata mkia.

Nyanda za Juu: Upande nao una maana. Rota kuu ikizunguka kinyume cha saa ikitazamwa kutoka juu, rota ya mkia husukuma chombo kulia. Kwa hiyo skidi ya kulia kunaswa ni hatari zaidi, na upepo wa kutoka kushoto unazidisha.

Ila kazi kubwa hufanywa kwa miguu kabla ya kutua. Tembea eneo lote la kutulia, fyeka nyasi, ng'oa au weka alama kwenye visiki, vichuguu na mitaro. Udongo uliolimwa karibuni usiuamini: skidi moja huzama huku nyingine ikibaki juu. Mteremko ukizidi digrii 5 hivi, tafuta pengine, isipokuwa kitabu cha helikopta hiyo kinaruhusu. Angalia pia bomba refu la kunyunyizia, maana ncha yake hukwama kwenye tuta kabla skidi haijafika. Tanki lisilojaa nalo lina lake: lita 200 za mchanganyiko wa maji ni takriban kilo 200 zinazokimbilia upande ulioinama.

Mnaotua juu ya jukwaa la lori, hakikisheni limesawazishwa, na mpira wa kujazia umechomolewa kabla ya kunyanyuka. Mpira uliosahaulika hufanya kazi ya kisiki.

Fundi Rota: Na ikishapinduka: rubani afunge mafuta, azime betri, asubiri mapanga yasimame ndipo atoke. Walio chini wasisogee kabla ya hapo. Hata kwa helikopta iliyosimama wima mtelemkoni, usiifikie kutoka upande wa juu. Huko mapanga yako karibu na ardhi. Dawa iliyomwagika isiguswe bila glavu na nguo za kujikinga.

Panga likishagonga ardhi, msiridhike kwa kubadilisha mapanga tu. Mshtuko hupita kwenye shafti hadi giaboksi na injini, na nyufa zake hazionekani kwa nje. Vifunguliwe na kukaguliwa kama kitabu cha mtengenezaji kinavyoagiza, hata kama injini inawaka vizuri.