Tupeane uzoefu: mtoto mwenye mbio, tangu shule ya msingi hadi sekondari

Mwalimu wa Michezo
Wakuu, habari za jioni. Nafundisha shule ya msingi, na kila UMITASHUMTA (mashindano ya michezo ya shule za msingi) ikipita najiuliza: hawa mabingwa wetu wa mita 100, wakifika kidato cha nne wako wapi? Wengi niliowafuatilia wameacha kabisa. Naona tunawakamua wakiwa wabichi. Mtoto wa miaka 11 anakimbizwa mita 200 mara nane kwa jioni moja ili shule ipate kombe. Wazazi, makocha, mliowahi kukimbia, semeni mliyoyaona.

BabaWawili
Mkuu, wangu mkubwa alibalehe mapema. Miaka 13 tu, sauti nzito, mapaja ya mtu mzima, wenzake aliwaacha mbali. Mdogo wake hakufika hata fainali ya shule. Kidato cha tatu akarefuka, akajaa, na leo wakishindana sijui nani atatangulia. Angechujwa darasa la saba, asingekimbia tena.

MkimbiajiZamani
Kwetu wasichana mambo huja kivingine. Nilishinda kila mbio hadi nilipovunja ungo. Nyonga zikapanuka, kilo zikaongezeka, muda wangu ukagoma kushuka misimu miwili. Kocha wa kambi akanisema mbele ya wavulana kwamba nimenenepa, akaamuru nipunguziwe ugali. Inaniuma mpaka leo. Mwili unaokua unataka chakula, tena chenye madini ya chuma, maana hedhi imeshaanza. Aliyeniokoa ni mwalimu wa kike sekondari: alinifundisha upya namna ya kuanza mbio, akanijenga nguvu za miguu, na msimu mzima hakunipima muda. Kidato cha tano niliupita muda wangu wa zamani.

Fizio_Pwani
Nawapokea wengi wanaoumia chini kidogo ya pia ya goti. Mfupa hurefuka haraka, misuli haijaufikia, kano inavuta sehemu ambayo bado haijakomaa. Kasi hiyo ya kurefuka hufika kilele karibu miaka 12 kwa wasichana, 14 kwa wavulana. Wapimeni kimo kila baada ya miezi mitatu. Akianza kurefuka ghafla, punguzeni kuruka na mbio za kasi kamili, msimwachishe kila kitu.

Chapuchapu
Mbona Bolt alikuwa bingwa wa dunia wa vijana wa mita 200 mwaka 2002 akiwa na miaka 15? Kipaji hakisubiri.

Mwalimu wa Michezo
Kweli, ndugu, lakini Bolt huyo alianza na kriketi. Omanyala wa Kenya alikuwa mcheza raga, mbio fupi akazianza mwaka 2015 akiwa na miaka 19, na mwaka 2021 akakimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 pale Kasarani, Nairobi. Tebogo, mkimbiaji wa mbio fupi wa Botswana, naye utotoni alikuwa wa mpira. Wangu wa chini ya miaka 10 wanacheza rede, wanaruka kamba, wanakimbizana mita 30 na kupumzika vya kutosha. Kasi wanaipata humo humo.

MkimbiajiZamani
Mwalimu, hapo sawa. Na wasichana wako, wana mwalimu wa kike wa kumwambia leo niko kwenye siku zangu?

Mwalimu wa Michezo
Bado, dada. Jumatatu naenda kuongea na matroni.